Bwana Afya na Mapumziko Matatu

Mji mzima wa Voi ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuzifanya chapati zikimbie. Akionekana anapinda kona ya posta, kofia pana kichwani na daftari kwapani, habari zake zilimtangulia hoteli hadi hoteli, na sinia zilizokuwa zimekaa wazi mbele ya nzi zikaingizwa ndani upesi. Watu walimwita Bwana Afya. Mimi nilifanya naye kazi ofisi moja kwa miaka mingi na sikuwahi kumwita vingine. Kwao Werugha bila shaka walikuwa na jina lake, lakini sisi wa Voi hatukulihitaji.

Nilikuwa taipisti wa ofisi ya mji. Meza yangu ilikuwa karibu na mlango, kwa hiyo nilimwona akitoka asubuhi akiwa ameng'ara na akirudi saa saba akiwa mwekundu kwa vumbi, na kila barua ya kufunga hoteli, bucha au choo ilipita kwenye mashine yangu. Zilikuwa nyingi, maana hakuwa na dogo. Siku moja kabla ya Krismasi alifunga bucha ya shemeji yake. Dada yake akaja ofisini analia. Bwana Afya akampa kiti, akampa maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia kwamba maini yale yana minyoo, na minyoo haijui Krismasi. Mke wake naye alinisimulia, akicheka nusu nusu, jinsi alivyomwaga maziwa ya chai mbele ya wageni waliokuja kumposa binti yao, kwa sababu mkebe haukuwa umeoshwa kwa maji ya moto. Wageni wakanywa chai ya rangi, na binti akaolewa vilevile.

Hakuwa na matusi. Kitu kikiwa kichafu alisema, "Hii haijafika." Mtaro haujafika, nyama haijafika, jiko halijafika. Ungeweza kubishana na mtu anayekuambia wewe ni mchafu, lakini huyu alikuambia uko njiani, na ufunguo wa duka lako ukabaki mfukoni mwake mpaka ufike.

Mwaka wa kwanza nilimwogopa. Mwaka wa pili nikatumwa kichinjioni kumpelekea karatasi za kutia sahihi, nikamkuta peke yake mbele ya mapafu ya ng'ombe yaliyotundikwa, anayageuza huku na huku, na huku anaimba kwa mdomo uliofungwa wimbo ambao sikuwahi kuusikia kanisani wala redioni. Nilisimama mlangoni nisimkatize. Alipomaliza akatia sahihi, akaniuliza kama naimba sauti ya kwanza au ya pili. Nikamwambia ya pili. Akasema nije Alhamisi.

Wimbo ule ulianzia kwenye tangi la maji. Kabla ya Uhuru kulikuwa na Mjerumani mmoja, fundi wa mitambo katika shamba la mkonge, na Bwana Afya alitumwa kukagua nyumba za shambani. Ndani ya tangi la Mjerumani alikuta njiwa aliyeoza. Akatoa daftari akaanza kuandika amri. Mjerumani akawaka, akabisha kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, na nyumbani mwake gramafoni ilikuwa ikiendelea kupiga. Bwana Afya mwenyewe alitusimulia kwamba kalamu ilimsimama mkononi katikati ya neno. Hakumsikia tena Mjerumani. Aliomba ruhusa aingie, akavua viatu, akakaa sakafuni mpaka santuri ikaisha. Kisha akatoka nje akamalizia kuandika amri ya tangi.

Tangu hapo wakawa marafiki, ikiwa urafiki ni watu wawili kukaa kimya kila Jumapili alasiri. Mjerumani alipoondoka alimwachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, santuri sita, kamusi, na kijitabu cha Kijerumani kilichoeleza habari za okestra iliyopiga katika santuri zile. Ilikuwa okestra ya mji, mji wenye mto, si mkubwa sana. Hilo la kuwa ya mji ndilo lililomkamata. Kwa miaka miwili alikitafsiri kijitabu neno kwa neno, akaandika katika daftari la jalada gumu ambalo lilitengenezwa kuandikiwa ng'ombe wanaochinjwa, na juu ya ukurasa wa kwanza akaweka kichwa: Historia ya Okestra ya Mji.

Tulizijua habari hizo kuliko tulivyozijua za koo zetu. Zamani mji ule uliweka walinzi wanne juu ya mnara, wapulize tarumbeta kutangaza saa, moto na wageni. Mji uliwapa makoti na kuni. Walinzi wakaanza kupuliza nyimbo ili usingizi usiwashike, watu wa chini wakazipenda, mji ukaongeza mpiga ngoma, ukaongeza fidla, na baada ya vizazi vingi wakawa kikosi kizima, wote waajiriwa wa mji sawasawa na mfagiaji na mzimaji wa moto. Wakajengewa ukumbi. Vita vikaja, mabomu yakauchoma. Hilo halikuwemo kijitabuni, Mjerumani alimhadithia kwa mdomo, kwamba okestra ilikwenda kupiga ndani ya karakana ya treni, watu na makoti yao ya baridi, mpiga fidla mmoja akiwa na glavu alizozikata vidole. Wafanyakazi wa reli wa Voi waliipenda sana sehemu hiyo. Waliagiza isimuliwe mara kwa mara.

Si wote waliopendezwa. Mzee mmoja wa Taveta, aliyewahi kubeba mizigo ya jeshi katika vita vile vya kwanza vya dunia, alimuuliza mbele ya watu kwa nini anawatukuza watu waliokuja kwao na bunduki. Bwana Afya akamjibu kwamba yeye anakagua nyama, hakagui mwenye ng'ombe. Mzee akafikiri kidogo. "Sawa," akasema, "lakini hiyo nyama yao mimi ilinipita hapa kando ya sikio." Bwana Afya alicheka mpaka akavua kofia, na tangu siku ile, kila aliposimulia historia, alimtaja na yule mzee.

Mwaka wangu wa kwanza ofisini aliandika ombi, nikalipiga chapa, kwamba Voi nayo iajiri wapigaji. Hoja yake ilikuwa fupi: mji unaolipa watu wa kufagia unaweza kulipa watu wa kupuliza. Diwani mmoja akauliza kama wakishapuliza taka zitaondoka. Mkutano mzima ukacheka, naye Bwana Afya akacheka nao. Lakini hakurudi mikono mitupu. Aliomba angalau apewe kichinjio kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekitaka, akapewa.

Ndivyo ilivyoanza kwaya ya mji. Tarumbeta hatukuwa nazo, fidla hatukuwa nazo, kwa hiyo tuliziimba. Besi wakawa fidla kubwa zile zinazosimama sakafuni, sauti ya kwanza wakawa filimbi. Sharti lake lilikuwa moja, mwimbaji awe mfanyakazi wa mji. Tulikuwa wafagiaji, mlinzi wa soko, msoma mita za maji, nesi wa zahanati, wapakia nyama wawili, na mimi. Alikuja mwanamke mmoja kutoka Wusi mwenye sauti ambayo kanisa lake lilijivunia, akakataliwa kwa sababu alikuwa ameajiriwa na duka. Halafu mke wa mlinzi wa soko, asiyekuwa na kazi yoyote, akakubaliwa, kwa hoja kwamba anafua sare ya mji. Tulipomwambia hiyo ni hila, alisema sheria bila hila ni ukuta bila mlango.

Kichinjio kilikuwa mahali safi kuliko pote mjini, saruji kutoka chini hadi begani, juu mabati, na sauti ikizunguka humo vizuri. Aliweka santuri, akapiga kipande kidogo, akainua sindano, akauliza nani amezisikia fidla za kati. Hakuna aliyezisikia. Akarudia. Tulipoanza kuzisikia, aliandika solfa kwa chaki ukutani, mistari minne ya rangi nne. Na tulilazimika kuishika kichwani jioni ileile, kwa sababu alfajiri wachinjaji waliosha kuta na wimbo wetu ukaenda mtaroni. Ndiyo maana mpaka leo, nikiwa mwanamke mzee ninayesahau nilipoweka miwani, sauti yangu ya pili ninayo yote.

Mtu mkali namna hii, ungedhani alikuwa mkali pande zote. Lakini karibu na stesheni kulikuwa na bibi mmoja aliyepika mahamri bila leseni, bila wavu, juu ya sufuria nyeusi ambayo sidhani kama ndani na nje vilitofautiana. Kila Ijumaa Bwana Afya alikaa pale kwenye mkebe uliopinduliwa, akala mahamri manne. Nilipomuuliza alisema kwamba pale hayuko kazini. Na saa zake nazo zilikuwa mbili. Ofisini dakika tano za kuchelewa zilimtoa povu, kichinjioni angeweza kutuweka jioni nzima kwenye kipande cha wimbo kinachokwisha kabla hujapiga chafya mbili.

Mwimbaji aliyempenda kuliko wote hakumsifu hata siku moja. Huyo alikuwa mkuu wa wafagiaji, mtu wa Rukanga, tuliyemwita Mzee wa Ufagio. Alikuwa na besi iliyotoka chini ya sakafu. Vumbi la barabara za Voi lilikuwa limemwingia kifuani miaka mingi na alikohoa asubuhi na jioni, lakini akiimba kikohozi kilimwacha. Hakujua kusoma wala chaki za ukutani hakuzitazama. Alifunga macho na kuingia mahali pake, na sisi wengine tukajipanga juu yake.

Sasa nifike kwenye mapumziko.

Wimbo wetu mkubwa ulikuwa umerekodiwa kwenye santuri mbili, yaani pande nne, kila upande dakika nne na kitu. Upande ukiisha, Bwana Afya aligeuza santuri, akazungusha mkono wa gramafoni, akaendelea. Mtu mwingine yeyote angesema santuri imejaa, basi. Lakini yeye alikuwa na masikio ya kazi, akasikia kwamba mwisho wa kila upande okestra ilipunguza mwendo, sauti zikashuka taratibu kama watu wanaotua mzigo, hata wimbo ukiwa katikati ya safari. Akasema wale wametua kwa makusudi. Ni wafanyakazi wa mji, na wafanyakazi wa mji wanajua kupumzika. Akaandika katika Historia yake, na nakala yake ni mimi niliyeipiga chapa: Okestra hii hupumzika mara tatu ndani ya wimbo huu, na wasikilizaji hungoja kwa heshima.

Basi na sisi tukapumzika mara tatu. Tulifika pale, tukapunguza, tukanyamaza. Safu ya mbele ikaenda nyuma na ya nyuma ikaja mbele bila haraka, Bwana Afya akahesabu mpaka thelathini, tukaendelea. Mzee wa Ufagio aliegemea ukuta na kuvuta pumzi zake. Watu wa Voi waliyapenda mapumziko yale kuliko wimbo wenyewe. Tulipoimba uwanjani Siku ya Madaraka, kina mama waliitumia nafasi kubadilisha watoto mgongoni, wazee wakakohoa, na mtu mmoja nyuma akamwambia mwenzake aliyedhani tumesahau, "Wacha wapumue, hawa wametoka mbali." Hakuna kwaya nyingine Taita Taveta nzima iliyojua kunyamaza hivyo, na sisi tulitembea vifua mbele.

Mwishoni mwa miaka ya sabini tulikwenda Mombasa kwenye mashindano ya kwaya. Tulisafiri na lori la mji la kubebea taka, ambalo Bwana Afya alilisimamia likioshwa mara tatu. Tuliimba vizuri kuliko siku zote. Mwamuzi, bwana mmoja mpole kutoka Nairobi, alitusifu sana kwa masikio yetu, kisha akaeleza kwa sauti ya kawaida, mbele ya ukumbi uliojaa, kwamba mapumziko yale ni makosa. Santuri za zamani hazikuweza kubeba zaidi ya dakika nne hivi. Okestra ilisimama ili santuri ibadilishwe, si kwa sababu wimbo unasimama. Kuna watu waliocheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini nilimwona Bwana Afya akilegeza tai yake, jambo ambalo hakulifanya hata Voi mwezi wa Februari.

Tukarudi na lori letu mpaka tukapita Taru. Ndipo akatuambia kwamba yule bwana amesema lakini hakukata. Maini hayakataliwi kwa kutazamwa juu juu, lazima yapasuliwe. Yeye ataandika barua ya kuuliza kwenye mji wenyewe, na jibu likija, lolote litakalokuwa, atalisoma mbele yetu. "Kama haijafika," akasema, "nitaifunga mimi mwenyewe." Mzee wa Ufagio, aliyekuwa amelala kwenye gunia, akasema bila kufungua macho kwamba yeye yatakayosomwa hayamhusu, mapumziko anayataka.

Barua hakumwandikia mkuu wa okestra. Alimwandikia Bwana Afya wa mji ule, kwa sababu alisema mtu wa kazi yako hawezi kukudanganya. Nikaipiga chapa kwa Kiingereza. Ilianza kwa habari za mabucha ya Voi, kwa heshima ya kazi, ndipo ikafika kwenye swali.

Jibu lilikuja Februari iliyofuata, ndani ya kifurushi. Kazi yangu ilikuwa kufungua barua zote za ofisi, nami nikakifungua. Mwenzake wa kule alikuwa ameandika kurasa mbili kwa mkono. Alikuwa amekwenda yeye na mke wake kuisikiliza okestra, akamfuata mtunza nyaraka wake, akauliza. Hakuna mapumziko. Hayajawahi kuwepo. Wapigaji wa wakati ule walikuwa wakitazama taa nyekundu ikiwaambia upande unakaribia kwisha, ndiyo maana walipunguza mwendo. Alituma na santuri mpya, ile kubwa ya siku hizi, okestra ileile katika ukumbi wake mpya, wimbo wote upande mmoja bila kukatika. Alisema angependa siku moja atusikie.

Nikaweka kifurushi mezani kwake. Aliisoma barua amesimama, akaisoma tena ameketi, akafungua kabati la chuma, akatia vyote ndani na kufunga. Alhamisi ile nilifika mapema nipate nafasi nzuri ya kumsikiliza akiisoma. Tukaimba. Tukafika pale, tukanyamaza, naye akahesabu mpaka thelathini.

Ikapita wiki, ukapita mwezi. Niseme wazi nilivyohisi: nilimdharau. Mkuki kwa nguruwe. Huyu aliyemfungia dada yake bucha mkesha wa Krismasi, ambaye hakumpa mtu hata siku mbili za kuziba mtaro, sasa alikuwa na ukweli ndani ya kabati na ufunguo mfukoni. Nilipiga chapa barua zake za kufunga watu na vidole vilikuwa vizito. Lakini sikumwambia yeye wala sikumwambia mtu. Nilijiambia ni siri za ofisi. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona atadumu mpaka lini.

Mwezi wa Mei Mzee wa Ufagio alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Kila alipotoka alikuja Alhamisi, na fimbo mkononi, akaimba. Mapumziko yalipofika aliegemea ukuta, na Bwana Afya akaanza kuhesabu mpaka hamsini. Mimi nikaona anazidisha uongo wake. Septemba mzee akafariki. Tukamzika kwao Rukanga, chini ya mlima Kasigau, tukaimba kaburini, mapumziko yote matatu, na upepo wa mlima ukayajaza.

Alhamisi ya kwanza ya Oktoba Bwana Afya alikuja na kifurushi. Akatusomea barua yote, akiifasiri, na tarehe yake pia. Akasema, "Nilikosea, na nimekaa na kosa hili miezi minane." Hakueleza zaidi. Tukaenda wote kwa Mhindi wa duka la vitambaa aliyekuwa na gramafoni ya umeme, tukasikiliza. Wimbo ukafika mahali petu pa kwanza, ukapita. Ukafika pa pili, ukapita. Nesi akaanza kulia na hakujua kwa nini.

Mlinzi wa soko ndiye aliyesema tuliyokuwa nayo moyoni. "Kwani sisi Wajerumani? Hii mapumziko ni yetu, wacha ikae." Wote tukakubaliana naye, nami nilidhani Bwana Afya atapinga. Hakupinga. Akasema kuimba ni kwetu na tunaweza kupumzika tunapotaka, ila tusiseme tena kwamba ni yao. Kisha akanikabidhi chaki zake, rangi zote nne, akasema umri umemwendea na kuanzia sasa nitaongoza mimi. Hakuwa na umri huo. Mwaka uliofuata alistaafu akapanda kwao, na hakuna aliyemwona tena kichinjioni.

Niliongoza miaka mitano. Wapo waliohamishwa, wapo waliochoka. Vijana wapya wa ofisi walisema kichinjio kinanuka. Tukabaki saba, Alhamisi nyingine watano, na kwaya bila besi ni nyumba ya ghorofa ya juu tu. Jumamosi moja nikapanda gari la Werugha kwenda kumwomba arudi. Nilikuwa na hasira zangu bado, lakini kwaya ilikuwa inakufa mikononi mwangu, na hasira haiimbi.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kabichi. Nilimkuta amekunja mikono ya shati, anaosha kiwele cha ng'ombe kwa maji ya moto, mara ya pili, mke wake akilalamika kwamba ng'ombe ataungua. Alizeeka vizuri. Alinikaribisha ndani, tukanywa chai, na juu ya meza lilikuwepo lile daftari la Historia. Sehemu ya mapumziko alikuwa ameipiga mstari mmoja wa kalamu, bila kuifuta, isomeke. Chini yake aliandika kurasa nyingi akilinganisha santuri mbili. Alinieleza kwa furaha kwamba ile mpya ni safi, kila fidla inasikika, lakini ile ya zamani ina kitu ambacho hawa wa sasa hawana, maana wale walipiga wakijua nafasi ni ndogo.

Nikamwambia nilichokuja nacho. Akatikisa kichwa. Nilingoja aseme umri, hakusema.

"Barua ilikaa kabatini miezi minane," akasema.

"Najua, Bwana Afya. Niliisoma kabla yako."

"Najua uliisoma. Tangu wiki ile ulianza kuimba chini kidogo, na sauti ya pili yote ikakufuata."

Nilitamani ukungu uingie ndani unifunike. Nikamtolea yote ya moyoni, kwamba nilimdharau, na kwamba nilinyamaza ili nimwone akianguka. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwamba alikuwa amekisikiliza kifua cha Mzee wa Ufagio kwa miaka, kazi yake ni mapafu, na alijua kwamba bila mapumziko yale mzee asingemaliza wimbo, na asingekubali kuimba nusu. Akiyafuta, anamfuta. Kwa hiyo akangoja.

Machozi yakanijia. Nikaanza kumwomba radhi, akainua kiganja kama alivyotunyamazisha zamani.

"Usinisifu. Barua ilikuja Februari, na mzee alikuwa bado anaimba na nguvu zake. Ile miezi ya kwanza nilikuwa naona haya tu. Alipolazwa mwezi wa Mei, Taipisti, mimi nilifurahi. Nilikwenda kumtazama, nikamkuta hawezi kuvuta pumzi, na ndani ya roho yangu nikasema, afadhali, sasa nina sababu." Alitazama mikono yake. "Mtu wa namna hiyo asisimame mbele ya watu."

Mke wake alikuwa mlangoni na ndoo. Aliiweka chini polepole, na kwa uso wake nilijua kwamba naye alikuwa anasikia hilo kwa mara ya kwanza. Mimi nimewaona watu wengi wakikubali makosa yao, wakichagua lile lenye sura nzuri. Sijamwona mwingine aliyepewa sifa mkononi akairudisha. Nilimpenda saa ile kuliko miaka yote ya kumwogopa na kumsifu.

"Sikukuja kutafuta wa kusimama mbele," nikamwambia. "Mbele nipo mimi. Tumekosa besi."

Alinisindikiza mpaka barabarani, tukazungumza habari za kabichi na bei ya maziwa, akanipa mkono, gari likaja.

Alhamisi iliyofuata nilichelewa, kwa sababu mkubwa wangu alinipa barua ndefu ya kupiga chapa saa kumi na nusu. Nilifika kichinjioni natweta, chaki mkononi. Wenzangu sita walikuwa wamejipanga. Bwana Afya alikuwa safu ya nyuma, amevua kofia, viatu vyake vimejaa matope mekundu ya mlimani, na kama wengine wote alikuwa ananitazama mimi, akingoja nianze.